Ubeti Uliomuua Baba

Wimbo wangu ulipigwa marufuku Jumapili baada ya Misa ya pili, nikiwa bado nimevaa joho la kwaya. Paroko alikuwa mgeni kwetu, hana hata miezi mitatu, kijana ambaye ningeweza kumzaa. Aliniita sakristia, akafunga mlango, akavua stola na kuikunja polepole mpaka nikaanza kugonga meza kwa vidole. Subira sikujaliwa. Mke wangu husema nilizaliwa nikiwa nimesimama.

"Mwalimu," akasema, "ule wimbo wa baada ya komunio. Ubeti wa kwanza. Baba hakufa."

"Hakufa wapi, Fada?"

"Msalabani. Aliyekufa ni Mwana."

Alidhani sijui. Nimefundisha kwaya hapa Kisumu zaidi ya miaka ishirini. Nasadiki naijua kwa Kiswahili, kwa Dholuo na kwa noti. Hata mtoto wa kipaimara anajua kwamba Mungu ni mmoja katika nafsi tatu, na kwamba aliyesulubiwa ni nafsi ya pili. Lakini wimbo wangu, nilioutunga kwa ajili ya Dominika ya Utatu Mtakatifu, ulianza hivi:

Baba, ulishuka ukafa nasi,
hukubaki juu peke yako.

Na watu waliupenda. Kwa miaka mitatu ulikuwa umetoka parokiani kwetu kwa simu za watu, ukaenda vigangoni, ukaenda kwenye misiba huko kote kandokando ya ziwa. Siku moja nilipita soko la Kibuye nikamsikia mama wa mitumba akiuimba huku anakung'uta suruali, wala hajui kwamba mwenye wimbo ndiye huyo anapita. Kiburi nilikuwa nacho, tena tele. Paroko aliyetangulia hakuwahi kusema neno. Nadhani alikuwa akisikiliza tuni tu.

"Kabla sijaletwa hapa nilikuwa upande wa Awasi," Fada akaendelea. "Kuna mama mgonjwa nilikuwa nampelekea komunio. Kila tukifika kwenye Baba Yetu, ananyamaza. Nikamuuliza. Akaniambia siku hizi anasali kwa Yesu peke yake, maana Baba alishakufa. Alisikia kwenye wimbo."

Ningecheka, kama si ile sura yake.

"Watu hawabebi homilia zangu kwenda nazo nyumbani, mwalimu. Wanabeba nyimbo zako. Dominika ya Utatu ni wiki mbili kutoka leo. Badilisha mstari huo. Ukishindwa, tutaimba mwingine."

Nikatoka bila kuomba baraka, joho likinasa kwenye komeo la mlango, nami nikalivuta kwa hasira likapasuka.

Sasa niseme ambalo sikumwambia Fada siku ile. Watu waliponiuliza maneno yale niliyatoa wapi, nilikuwa najibu ni Roho Mtakatifu. Uongo mtupu. Maneno yale yalitoka kwa mwanangu.

Alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao. Nyumba yenye ugonjwa huo huzoea hospitali jinsi nyumba nyingine zinavyozoea soko. Maumivu yanamshika, tunambeba, anawekewa maji, anapewa dawa, na siku ya tatu yuko nyumbani anadai chapati. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na safari kama hizo nilikuwa nimeacha kuzihesabu. Jumamosi moja alilazwa asubuhi. Alasiri nikamwacha na mama yake. Nikamwambia, "Mazoezi yakiisha nakuja," naye akaniinulia kidole gumba. Kesho yake ilikuwa Pentekoste, na besi walikuwa hawajaiva.

Kwenye mazoezi yangu simu haziingii. Sheria hiyo ni yangu mwenyewe: kila mtu anazima simu yake na kuiweka kwenye kikapu mlangoni, na wa kwanza kuiweka ni mwalimu. Besi walikosea mahali pamoja, nikawarudisha. Wakakosea tena, nikawarudisha tena. Nilipoiwasha simu, mke wangu alikuwa amepiga mara tisa. Alikuwa ameshaacha kupiga.

Hakunilaumu. Wala siku ile, wala mazishini, wala baadaye. Afadhali angenitukana.

Mwaka uliofuata kwaya ikaniomba wimbo wa Utatu. Nikasimama kwenye kibanda changu pale Kibuye, kwa maana kazi yangu ya mkate ni kutengeneza makochi, nikajaribu kumtungia sifa Mungu Baba. Nikamwona Mwanawe anakata roho, na yeye hayupo pale. Nikashindwa kumsifu. Baba wa aina hiyo nilikuwa namjua, nilikuwa nikimnyoa ndevu kila asubuhi kwenye kioo. Basi nikamshusha, nikamuua pamoja na Mwanawe, na hapo ndipo alipoweza kuimbika. Niliimba nikilia. Watu wakasema mwalimu ameguswa.

Kwa hiyo Fada alipokataa mstari ule, hakujua alikuwa anashika nini.

Nilijaribu kuubadilisha, Mungu shahidi. Wiki ya kwanza nilikuwa kiguu na njia. Natoka nyumbani Manyatta asubuhi kwa miguu, midomo inacheza, watu wananisalimia siitiki. "Baba, ulimtuma." Hapana, hata mwenye duka hutuma mtu. "Baba, ulitazama." Nilipoimba neno hilo kibandani niliitupa nyundo chini ikaruka hadi kwa jirani. Baba anayetazama, hata bure simtaki. Kazini nikaharibu kochi la mteja: mkono wa kushoto niliuvalisha kitambaa kinyume, maua yakawa yamesimama kwa vichwa. Akaniuliza, "Mzee, uko sawa?" Nikamwambia niko sawa, nikang'oa misumari yote nikaanza upya. Usiku nageuka tu kitandani. Kwaya nayo ilikuwa inachemka. Wapo waliotaka tuuimbe vilevile, liwalo na liwe, nami nikawaambia wanyamaze, ingawa moyoni nilikuwa upande wao.

Jumatano ya wiki ya pili uvumilivu ukaniishia. Nikaingia ofisini kwa Fada na vumbi la sponji kichwani. Akanionyesha kiti. Sikukaa.

"Fada, kama Baba hakufa, alikuwa wapi?"

Akaiweka kalamu chini.

"Mwanawe anamwita," nikasema. "Anamwita kwa sauti. Mnatusomea wenyewe Dominika ya Matawi. Sasa wewe unaniambia Baba alikuwa mzima, hana neno, na nimtungie wimbo. Alikuwa wapi?"

Nilitegemea anifungulie kitabu. Hakufungua.

"Mwalimu, mimi sijazaa," akasema. "Kwa hiyo nitasema kidogo. Katika Utatu hakuna anayewaacha wengine. Baba hakuwa mahali pengine. Lakini kama naye angekufa, na Roho naye akafa, wote watatu wangekuwa kaburini. Nani angemfufua Mwana? Ilibidi Baba abaki, mwalimu. Kubaki si kutokujali. Pengine ndiyo kazi ngumu kuliko zote."

"Rahisi kusema," nikamjibu, nikaondoka. Sijawahi kumjibu padri hivyo, na nilitaka mno aniite anikemee. Hakuniita. Nikateremka hadi ziwani, nikatembea kando ya maji mpaka viatu vikajaa matope, na bado nilikuwa nagombana naye peke yangu, mikono juu, mpaka wanaoosha magari wakaacha kuosha, wakawa wananitazama.

Ikafika Jumamosi. Mazoezi ya mwisho yalikuwa saa tisa, na sikuwa na mstari. Nyumbani mke wangu alikuwa amekaa mlangoni na ungo wa maharagwe mapajani, anachambua. Mimi naenda na kurudi mbele yake, karatasi mkononi.

"Keti," akasema.

"Siwezi."

"Fada amekataa ubeti wa kwanza, donge, sivyo?"

"Nani amekuambia?"

"Manyatta nzima inajua." Akatupa jiwe dogo pembeni. "Ubeti huo mimi sijawahi kuuimba. Hujaona?"

Sikuwa nimeona. Mimi, ambaye kati ya watu arobaini nikisikia besi mmoja amekosea namtaja kwa jina, sikuwa nimeona kwamba mke wangu, benchi la tatu, anafunga mdomo kila ubeti wa kwanza unapoanza, miaka mitatu mfululizo.

"Kwa nini?"

"Si ni uongo? Mtoto alikufa, baba yake hakufa. Ulikuwa mzima, na mimi nilikuhitaji mzima. Ukaamua kujizika kwenye kwaya. Jumatatu kigango hiki, Jumatano kile, Jumamosi hapa. Binti yako akiniuliza baba yuko wapi, namwambia yuko kwaya. Alipokuwa mdogo alidhani kwaya ni mji."

Nilitaka kujitetea. Mdomo ukafunguka, kikatoka kitu kingine kabisa. "Simu ilikuwa kwenye kikapu," nikasema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka, na sauti ilinitoka nyembamba kama ya mtoto.

"Najua ilikuwa kwenye kikapu. Sheria zako nani hazijui?"

Akachambua kidogo.

"Mwisho aliniuliza kama umefika," akasema. "Alikuwa haoni vizuri tena. Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia baba yuko hapo mlangoni, anaongea na nesi. Akasema sawa. Akatulia. Hilo ndilo lilikuwa neno lake la mwisho: sawa." Akaufuta uso kwa mgongo wa mkono. "Nilimdanganya mtoto anayekufa. Na tangu siku ile nakungoja ufike, ili nisiwe mwongo. Wewe unaimba kwamba umekufa."

Nililia, na safari hii hapakuwa na kwaya ya kunifunika sauti.

Mstari ulikuja, lakini haukuja kwa kutafutwa. Dominika ya Utatu tuliimba, "Baba, ulibaki Mwana alipokufa, ulibaki ukamwinua," na Fada, kule kwenye kiti chake, aliinamisha kichwa akakaa hivyo hadi wimbo ukaisha. Tuni ni ileile. Huko misibani wengi bado wanaimba maneno ya zamani, maana wimbo ukishatoka huurudishi, na hilo linaninyima raha mpaka leo. Nilikwenda Awasi kumtafuta yule mama mgonjwa nimwimbie mpya. Nilikuta ameshazikwa. Walioniambia walisema kwaya ya kigango ilimwimbia wimbo wangu. Sikuuliza upi.

Na mke wangu aliimba. Sauti yake ilikuwa imekaa bila kazi muda mrefu, ikawa inaburuta nusu noti chini ya kwaya nzima, na mimi mwalimu nikatazama karatasi yangu.

Lakini hayo yalikuwa ya kesho na kuendelea. Jumamosi ile saa tisa ilifika ikapita. Simu ikalia, nikawaambia wafanye mazoezi bila mimi. Nikavuta kigoda, nikakaa, nikachota maharagwe kutoka kwenye ungo wake, nikaanza kuchambua. Magoti hayakuzoea, yalikuwa yanarukaruka yenyewe, nami nikayakandamiza kwa viwiko.

Binti yetu alirudi kutoka dukani na paketi ya unga. Akasimama barabarani, akanitazama, akatazama jua lilipofika, akanitazama tena. Hakuniuliza mimi.

"Mama," akasema, "baba ni mgonjwa?"

"Hapana," mama yake akajibu, bila kuinua macho kwenye ungo. "Amefika."