Nusu ya fungu ku nyumba ya milango sita

Mi sikusoma. Hii yote ninaisema ku telefone, mujukuu wangu mwanamuke mwenye iko Amerika anasikiliza na anaandika. Nilimukataza kutengeneza Swahili yangu ikuwe kama ya ku radio. Akiitengeneza nitajua, juu nitaomba batu banisomee.

Ni ye alianzisha hii maneno. Siku moja ya yenga, kanisa imekwisha, akaniita ku video, meno yote inje. Ye anasemaka mbio mbio, sawa mutu anakimbizwa na imbwa: "Koko! Koko! Mi sasa niko na manyumba! Manyumba mingi, ata mi mwenyewe sijue hesabu yake!"

"Uko na manyumba mingi, na juzi uliniomba nikutumie samaki ya ndagala?"

Akacheka, kiisha akanieleza pole pole. Kule kwabo kuko kompanyi inakusanya feza ya batu maelfu, batu benye ata hawajuane. Inanunua manyumba ya kupangisha, inapokea loye, ile feza ya kupanga, inatengeneza yenye imeharibika, na yenye inabakia inagawanyia bale benye feza. Kipande yako banaita aksio. Mutu wa kusafisha hoteli kama ye anaweza nunua moja leo, ingine mwezi ujao. Na akitaka kutoka, anafinya telefone na kidole, anauzisha aksio yake kwa mutu mwingine. Nyumba inabakia pa fasi yake, balokatere, bale benye kupanga, banaendelea kulala.

Nikamuuliza: "Na nani anabapelekeaka chumvi?"

"Chumvi gani, koko?"

"Chumvi ya lokatere mupya!"

Ona mutu iko na manyumba mingi na hajue ata kupokea lokatere! Hapa mu muji wetu wa Baraka, ku nyumba yetu, lokatere akiingia, mumoja wetu anamupelekea chumvi na makala ya moto siku ile ile. Ni heshima. Na tena unaona chumba yote bila kuomba ruhusa: balala mule ni bangapi, banapika inje ao karibu na kitanda.

Juu sisi pia tuko na aksio. Minaona ata tuliianza mbele ya Amerika.

Wakati tulirudiaka kutoka kambi ya bakimbizi ya Tanzania, tulikuwa bamama kumi na mbili ba soko. Hakuna mwenye angejenga nyumba peke yake. Mumoja alileta matofali, mwingine manjanja, yale mabati ya juu, mwingine muchanga, mi nilileta mbao na kelele. Kila mumoja tukamuhesabia fungu moja. Ikatoka nyumba ya milango sita, kila mulango na lokatere wake. Kila miezi tatu tunaondosha kwanza feza ya kutengeneza, yenye inabakia tunagawanya. Hakuna mwenye anasema chumba hii ni yangu. Uko na kidogo ku kila mulango. Lokatere mumoja akihama, haulale njaa, batano banabakia.

Sasa rafiki yangu, mumoja wa bale kumi na mbili, mwenye anauzishaka mafuta ya mawese, macho yake ikaanza kuwa nyeupe kama maziwa. Mutu analeta kibidon ya kutilia mafuta, ye anamwanga mpaka udongo inakunywa. Batu ba ujanja bakaanza kumupenda sana. Siku moja nikasimama mbele yake, nikafanya sauti ya muzee wa kanisa, ile sauti inatoka sawa iko ndani ya kisima: "Maaama, Bwana asifiwe, niongezee kidogo." Na akaongeza! Nilicheka. Siku ya pili nikajaribu tena, na tena akaongeza. Pale sikucheka.

Tukaenda ku hospitali. Bakamuambia ile nyeupe inatoka, ni kupasua tu, lakini asikawishe. Baganga ba macho banakuja Uvira, banakaa juma mbili, banarudia kwabo. Na feza yake yote ilikuwa ndani ya ile nyumba. Akaomba kikundi bamurudishie fungu yake.

Tukakutana mu lupango, ule uwanja wa nyumba. Mama prezida wetu anasemaka kupitia pua, kila neno anaivalisha koti: "Ba-ma-ma, regleman yetu haioneshe fasi ya kutokea." Ni kweli. Mu ile sheria tuliandikisha namna ya kuingia, tukasahau namna ya kutoka. Na ku kasha hakukuwa kitu, tulikuwa tumechimba choo mupya, na kila mama alikuwa analipia batoto masomo. Mumoja akasema: "Tumukatie ukuta yake, abebe." Mwingine akasema kuko mucuruzi, mutu wa biashara, mwenye anataka kununua nyumba yote. Ule mucuruzi ninamujua, tumbo inafikaka mbele yake, sauti inatoka chini chini: "Mi ninalipa leo leo, bamama. Lakini bei ni yangu." Tungekula ile feza mpaka Noeli, kiisha tungeanza kupanga mu nyumba yetu wenyewe.

Rafiki yangu akasimama. "Kama ni kuuzisha nyumba juu yangu, muache. Mi nitabakia vile niko."

Alisema na heshima yote. Lakini alikuwa anaangalia mbuzi yenye ilifungwa pembeni, alizania ni mama prezida.

Nikamuambia: "Ikala chini, mama. Ata mbuzi imekataa."

Batu bakacheka. Ye pia akacheka, kiisha akajipangusa macho na kitambaa. Pale ndipo nikakumbuka mujukuu wangu na kile kidole yake ku telefone.

"Sikieni," nikasema. "Kule Amerika mutu haondoshe tofali. Anaondosha tu makalio yake ku kiti, mwingine anaikala pale. Tutafute mwenye ataikala."

Mi nilikuwa nimekwisha kumuona. Ku mulango ya tatu kulikuwa lokatere mumoja, fundi wa kushona. Alikuwa anachunga feza yake juu anunue kiwanja kule Fizi, ku vilima. Na alikuwa na wimbo moja tu. Ukipita: "Aaaa mama, mvua inaniua! Mi na mashini yangu tunaogelea! Manjanja yenu ni chujio!" Sauti sawa mutoto wa mbuzi. Na sisi bote, bamama kumi na mbili, tulikuwa tunamujibu bila haya: "Ile ni umande, fundi."

Nikamukuta anashona suruali. Nikamuambia: "Kule Fizi utajenga lini? Hapa nyumba imekwisha kusimama. Loye yenye unalipa, kipande itarudia ku mufuko yako."

"Nitajilipa mi mwenyewe?"

"Na bale batano bengine batakulipa pia."

Akaacha mashini. Akaanza kuuliza sawa mutu wa akili: nani anachunga kasha, milango inakaaka bila lokatere wakati gani, na siku akitaka kutoka, atatoka namna gani. Nikamujibu yote, ata ya mubaya. Nilimuambia kuko mwaka moja bafanyakazi ba mashirika balihama, milango mbili ikafungwa miezi mingi, tukagawanya kidogo sana. Hakuuliza ile, ni mi nilimuambia. Mutu akikusifia nyumba ya kupangisha bila kukuambia siku milango ilifungwa, we kimbia.

Feza ya fundi haikutosha fungu nzima. Ilitosha nusu. Na nusu ilitosha kulipia macho.

Bamama bakapiga kelele: "Mwanaume ku kikundi yetu?" Nikabaambia ataleta kiti yake na ataikala nyuma. Mama prezida akainua pua: "Fu-ngu moja, ku-ra moja." Maana yake fundi na rafiki yangu bapatane kwanza, ndio bainue mukono pamoja. Na ile siku tukaandikisha namna ya kutoka: mwenye kutoka anauzisha fungu yake kwa bamama, bakishindwa kwa lokatere, bakishindwa kwa batu ba inje. Nyumba haiguswe.

Rafiki yangu akaenda Uvira na binti yake.

Wakati alikuwa kule, lokatere mupya akaingia ku mulango ya sita. Nani apeleke chumvi? Tukamutuma fundi. Akaenda na sahani mu mukono, shingo moja kwa moja. Siku ya pili mvua ikanyesha, lokatere akatoka inje na kulalamika, maji inamwangika ku kitanda. Mi nilikuwa pale pembeni ninatwanga majani ya sombe. Fundi akaweka mikono nyuma. Ile sauti ya mutoto wa mbuzi ilienda wapi, sijue. Akatosha sauti ya gavana: "Ndugu yangu, ile haiko mvua. Ni umande."

Kidogo tu niangukie mu kinu na kucheka.

Ku mukutano tukasema tununue manjanja mupya, juu lokatere mwenye analowana anahamaka. Fundi akasema: "Tugawanye kwanza, manjanja ingoje mwaka ujao." Kazi kubwa kama ile inaomba kura zote kumi na mbili, na bila mukono yake, ile fungu yabo haikuwa na kura. Tukangoja mwenye nusu ingine.

Akarudia amevaa mangalala ya mweusi, miwani ya jua. Binti yake alimushika mukono, akaukataa. Akaniangalia mu uso, muda murefu.

"Yaya, mukubwa wangu, ni nani alikuzeesha hivi?"

"Ni kukungojea we."

Akaingia moja kwa moja ku chumba ya fundi, akasimama karibu na mashini, akatosha mangalala, akainua kichwa ku manjanja yenye kutoboka.

"Fundi, hii nyota ya muchana ni ya nani?"

"Mama, ile ni u..."

"Useme umande. Sema, nisikie. Moja, mbili, tatu, na ile kubwa iko juu ya mashini yako."

Fundi akaangalia juu. Akaangalia mashini. Akainua mukono pole pole, na rafiki yangu akainua wake. Fungu moja, kura moja. Manjanja mupya ilifika mbele mvua kubwa ianze, na mpaka leo milango yote sita iko na batu.

Juma ile ile ya kurudia kwake, nikaenda ku soko. Rafiki yangu alikuwa ameinama, anapima mafuta. Nikasimama nyuma yake, nikatosha sauti ya muzee wangu wa kisima: "Maaama, Bwana asifiwe, niongezee kidogo."

Hakugeuka ata. Alikuwa anaangalia mafuta inapanda ndani ya chupa, mpaka ku musitari.

"Lete chupa yako, mwizi," akasema. "Litre ni litre."