Chumba kimoja kilichowaka Nakawa

Leo nimezima umeme wa jengo zima, nikitumaini jenereta itagoma.

Tumekabidhiwa mitambo ya umeme ya kituo cha utafiti hapa Nakawa, kazi ikiwa katikati, baada ya mafundi wa awali kuondoka. Sikuiamini kazi yao; nilishikilia kwamba nyaya zao zote zing'olewe, hata kama watafiti wangechelewa kuhamishia humu sampuli zao za damu. (Naam, mnanijua.)

"Msomi, zima kwanza, kisha uhubiri," akasema mkuu wangu, Injinia Nakato.

Nikazima.

Giza. Kisha jenereta ikanguruma, na chumba kimoja tu kikapata umeme: chumba cha majokofu ya sampuli.

Ofisi zilibaki gizani. Mafundi wale nisiowajua, wakijua kazi inawatoka mikononi, walihakikisha kwanza damu ya wagonjwa haitaharibika.

Nikasimama nikisikiliza majokofu yakivuma. Hatung'oi waya hata mmoja.

Ninyi mngeanza na chumba kipi?