Mama Aliyezikwa Kisiwani

Mimi huuza mukene, dagaa wa ziwa letu, katika soko la Wandegeya, na sina subira na mwongo. Kwa hiyo jirani yangu wa Kisugu aliponiambia mwanawe amepelekwa visiwani kusoma, nilimuuliza ni shule gani hiyo isiyo na jina. Ni Mkongomani, mjane, anatembeza vitenge, na aliyemchukua mtoto alikuwa mwanamume wa kanisani kwao, anayesema lugha yao ya nyumbani. Aliahidi sare, madaftari na chakula cha mchana. Nani angekataa? Kwa njaa ile, hata mimi nisingekataa.

Mwaka ukapita bila salamu, na simu ya yule bwana ikawa haipatikani. Kisha mama mmoja anayeniletea magunia kutoka visiwani akasema amemwona mtoto wa miaka kama kumi, Kiswahili chake cha Kikongo, anafukuza ndege kwenye mukene walioanikwa mchangani. Usiku hupandishwa mtumbwini kukumba maji yanayoingia. Ni mukene walewale niliokuwa nikiwapima kwa kopo na kuwasifu kwa wateja.

Tulisubiri mbalamwezi, maana wakati huo mukene hawavuliki na watu wote huwa nchi kavu. Tukaenda na afisa wa watoto na polisi mmoja. Njia nzima jirani yangu alikumbatia shati jipya. Alikuwa amenunua kubwa makusudi, kwa kuwa mtoto hukua.

Mtoto hakuwa amekua. Tulimkuta ameshika ufito, mbavu zote nje. Mama akamwita kwa jina la utotoni. Akageuka, akamtazama, akautupa ufito na kutimua mbio. Nilidhani anamwogopa polisi, kumbe alikwenda kujificha nyuma ya huyohuyo polisi. Alikuwa anamkimbia mama yake.

Mwenye mitumbwi, aliyekuwa ameketi hapo akichokonoa meno, akatuambia tumejionea wenyewe, watu hawa hawajuani. Wallahi, nilimvaa. Sitaandika niliyomwambia, lugha yetu ya Kinubi ina maneno mazito, na polisi ilibidi anishike mkono. Afisa akachuchumaa mbele ya mtoto, akamuuliza taratibu mama yake yuko wapi. Mtoto akamwongoza nyuma ya vibanda, sisi tukifuata. Palikuwa na tuta dogo la mchanga lililozungushiwa mawe.

"Mama yangu yuko hapa," akasema.

Tulielezwa baadaye. Mtoto alikuwa akilia kila siku arudishwe nyumbani, mpaka mwenye mitumbwi akachoka, akamwambia mama yako amekufa, huna pa kurudi. Akampa siku moja ya kulia, kesho yake kazini. Na kwa kuwa hakuwahi mazishi, mtoto akamchimbia mama yake kaburi kwa mikono yake. Jirani yangu alilitazama lile tuta, shati mkononi. Mimi ndiye niliyelia, tena kwa sauti.

Mwenye mitumbwi alitiwa pingu, nasi tukarudi na mtoto. Kisugu walipika, wakaimba, wakasema Mungu mkubwa. Sikuweza kuimba. Mpaka leo mtoto hagusi chakula cha mama yake kabla sijaonja mimi. Mama akipita, yeye huinamisha macho kuangalia kama miguu yake inakanyaga chini. Mama akilala, humsogelea na kusikiliza pumzi, halafu hurudi kukaa mlangoni. Mama mtu hucheka mbele ya watu, anasema atazoea, haraka haraka haina baraka. Kisha huja kulia kwangu, na nina hasira nisiyojua niipeleke wapi, maana pingu zile hazikumfufua machoni pa mwanawe.

Siku hizi mtoto akitoka shule huja sokoni kukaa nami. Simpi kazi hata ya kunishikia kopo. Hucheka kidogo, hula maandazi, na mara nyingine nadhani tumeshapona. Juzi mama yake alitokea upande wa pili wa barabara, furushi la vitenge kichwani, akatupungia mkono. Nami nikampungia. Mtoto akaacha kutafuna, akanisogelea mpaka bega lake likagusa langu.

"Mama mukubwa," akaninong'oneza, "na wewe unamuona?"