Mkungu wa Maganda

Mvua ya mawe iliyopiga Suma mwaka ule ilikuwa na ubaguzi. Kwa majirani ilipita juu juu, kwa Atuganile ikapiga kambi. Migomba yote chali, mikungu michanga imepondeka. Na sikukuu ya mavuno ndiyo hiyo inabisha hodi! Tangu aolewe mpaka amekuwa mjane, Atuganile hakuwahi kuingia kanisani siku hiyo mikono mitupu. Kila mwaka mkungu wake ulinadiwa mbele ya watu, jina lake likatajwa, naye akasimama. Sasa asimame na nini, magugu?

"Wewe kaa nyumbani tu, shemeji," Jotham, mdogo wa marehemu mumewe, alimwambia. "Mungu mwenyewe ameona."

Jotham alikuwa mtu wa biashara. Tangu serikali ifungue milango kwa bidhaa za nje, duka lake la Tukuyu lilijaa maua ya plastiki, saa za ukutani na picha za milima ya theluji. Alisema kwa huruma, lakini maneno yale yalimchoma mama wa watu. Akae nyumbani? Thubutu!

Akaingia shambani akaokota alichoachiwa: maganda makavu ya mashina ya migomba. Mengine meupe, mengine ya kahawia, mengine meusi ti. Akachukua wembe, akakoroga uji mzito wa unga wa ngano, akaanza kukata na kubandika juu ya ubavu wa boksi la sabuni. Mpangaji wake, Mwalimu Marietha aliyehamishiwa huku kutoka Bukoba, akamfuma. Bibi akaficha kazi yake chini ya kanga.

"Mchezo wa watoto tu, mwalimu."

"Watoto gani, Bibi? Wajapani wa kale walibandika vipande vya karatasi za rangi, wakaandika mashairi juu yake. Watawa wa Ulaya walipamba picha za watakatifu hivi hivi, karne na karne zilizopita. Tena kulikuwa na mjane Uingereza, alianza kukata karatasi na kubandika maua ameshapita miaka sabini!"

"Mjane?"

"Mjane, kama wewe."

Atuganile akacheka mpaka akashika mbavu. "Kumbe mimi bado msichana!" Kanga ikaondolewa, kazi ikaendelea hadharani.

Mkungu ukatokea juu ya boksi, kidole kwa kidole. Jua lilipochungulia, akauanika uani, akaenda kisimani. Lo! Nani kamtuma kusahau kwamba gundi yake ni chakula? Aliporudi, kuku walikuwa wameshakula chane tatu na sehemu ya jani. Aliwatukana kwa Kinyakyusa matusi ambayo hata mchungaji asingeyatafsiri. Halafu akakaa chini, akalia kweli kweli.

Alipomaliza kulia akakata maganda mengine. Safari hii hakuanika nje. Mvua ilikuwa imerudi, na kuku nao wameshanogewa. Akaiweka picha kwenye kichanja juu ya moto, pale pale anapovundikia ndizi, kwa kuwa hakuwa na pengine pakavu. Siku ya kuishusha, moshi ulikuwa umeyaingia yale maganda meupe, yamegeuka manjano. Ndizi zimeiva! Akabaki anaitazama mdomo wazi.

Kanisani, mnadi Ambilikile akaiinua juu. Kijana mmoja akaropoka, "Tutakula maganda leo?" Watu wakaangua kicheko, Atuganile akainamisha kichwa. Ndipo bibi mmoja wa kwaya akasogea mbele, akainama, akanusa. "Jamani, inanukia kichanja cha mama yangu!"

Basi, moto ukawaka. Huyu akitaja bei, yule anapandisha. Wanawake vigelegele, Mwalimu Marietha amepanda juu ya benchi bila aibu. Picha ya theluji aliyoitoa Jotham ilikwishauzwa mapema, wala hakuna anayekumbuka nani kaichukua. Jotham mwenyewe alikuwa wima, jasho linamtoka, anapandisha mpaka wenzake wote wakasalimu amri.

"Ni yangu!" akapiga kelele. "Na ninairudisha kwa kanisa. Itundikwe ukutani, kila mtu aione kazi ya shemeji yangu!"

Ambilikile akalitaja jina la mtoaji. Akalirudia kwa sauti ya juu zaidi, maana vigelegele vilikuwa vimelimeza. Atuganile akasimama. Alisimama muda mrefu kupita desturi, kidevu juu, machozi yanamtiririka, na kanisa zima halikuwa na mtu wa kumwambia akae.