Cheo cha Shangazi

Juzi, hapa kwetu ng'ambo, Al Khoudh, mjukuu wangu Thuraya anayesoma Kiingereza chuo kikuu alikuwa akidurusu maneno ya kale. Msichana yule ana kichwa, tena kakirithi kwangu.

"Bibi, sikiliza. Websta ni mwanamke mfumaji, baksta mwoka mikate, spinsta msokota nyuzi. Ule mwisho wao, '-sta', zamani ulimtaja mwanamke kwa kazi yake."

Papo hapo nikasikia harufu ya makumbi ya nazi yaliyooza, kama nna miaka saba tena.

Shangazi yangu aliyenilea Unguja alikuwa kakaa barazani, akisokota kamba za makumbi juu ya paja. Kamba hizo ndizo zilizonilisha. Akaja karani kuandika watu wa nyumba, akamuuliza kama kaolewa.

"Sijaolewa."

Karani akaandika huku akitamka, "Spinsta." Miye nikadhani kamtunuku. Nikatoka mbio uchochoroni, "Shangazi kapewa cheo! Spinsta!"

Jirani yetu aliyewahi kuwa yaya kwa Wazungu akacheka mpaka akashika mbavu. "Cheo gani, we mtoto? Hilo jina la mwanamke aliyekosa mume!"

Wanawake wote wakaangua kicheko. Shangazi hakunipiga. Aliinama tu akaendelea kusokota, na machozi yakadondokea kamba. Wakamwita hivyo mpaka tukamzika.

"Bibi, unalia?"

"Soma, mwanangu. Lirudie hilo la msokota nyuzi. Sema kwa sauti."