Kishale cha Tatu na Ukuta wa Jiko

Mimi si mtu wa kutulia. Kanisani nakaa mwisho wa benchi, karibu na mlango, kwa sababu mahubiri yakipita nusu saa miguu yangu huanza kuhubiri pia. Nyumbani siwezi kumaliza kikombe cha chai nikiwa nimekalia kiti kimoja. Mke wangu husema kwamba mama alinizaa akiwa anatembea, na mama mwenyewe, alipokuwa hai, hakuwahi kukana.

Kitu kimoja tu ndicho hukaa mkononi mwangu bila kutikisika, nacho ni mashine ya kunyolea. Nina kibanda cha kinyozi sokoni Iguhu, na sijawahi kukata sikio la mtu. Kwa hiyo miaka sita iliyopita, rafiki aliponipeleka kwenye klabu moja mjini Kakamega akanipa vishale vitatu nirushe kwenye ubao wa duara wenye namba, na cha kwanza kikaingia kwenye ishirini, nilidhani nimepata mchezo wangu. Mkono ninao, nikasema. Sikujua kwamba mkono ndiyo sehemu ndogo.

Mchezo wenyewe unaanzia mia tano na moja. Kila zamu unarusha vishale vitatu, unapunguza hesabu kwa kila unachopiga, mpaka ufike sifuri. Lakini kishale cha kumalizia lazima kiingie kwenye dabo, ule ukanda wa nje, mwembamba kuliko kidole, unaohesabiwa mara mbili. Kushusha hesabu naweza. Dabo ndiyo iliyokuwa ikinitoa jasho. Nikikosa kwa kishale cha kwanza, mwili unaanza kuwasha. Nikikosa kwa cha pili, nataka mambo yaishe tu, na cha tatu kinaondoka kabla sijakituma.

Kila mwaka klabu ile hufanya mchujo wa kuchagua watu wanane wa timu inayokwenda kucheza nje. Miaka mitatu mfululizo nilikosa nafasi, na mara zote kwa kishale cha tatu. Mara ya mwisho nilirudi nyumbani nikapiga teke debe la maji. Mke wangu aliliokota, akalitazama lilivyobonyea, kisha akaongea kwa upole, jambo ambalo kwake ni baya kuliko kelele.

"Baba, sikia. Nakupatia mwaka moja. Ukikosa tena, hiyo ubao inatoka kwa ukuta ya jiko yangu, na hizo vishale unauza. Hii hasira mimi siwezi kuishi nayo."

Nikakubali. Tukapeana mikono kabisa, kama watu wanaouziana ng'ombe.

Ubao nilikuwa nimeutundika nje, kwenye ukuta wa jiko, mahali ambapo paa linachomoza na kuzuia mvua. Jiko letu limejengwa kando na nyumba, kwa udongo, lina sehemu ya moto na kachumba ka kuwekea mahindi. Niliupima urefu wa ubao kwa tepu ya fundi. Mstari wa kusimamia niliuchora kwa chokaa, mvua ikaufuta, nikauchora tena, ikaufuta tena, mpaka nikazika kipande cha mbao kwa hasira.

Baada ya ahadi ile nilijiwekea ratiba. Kila siku saa kumi na moja jioni, nikishafunga kinyozi, nilianza na namba moja hadi ishirini kwa mpangilio, na kwenda mbili kabla ya kupata moja ilikuwa haramu. Kisha vishale mia vya ishirini peke yake. Kisha dabo, na hapo nilijiwekea adhabu: nikikosa kwa vishale vyote vitatu, nazunguka boma mbio mara moja. Kuna jioni nilikimbia mpaka jirani akaja kuuliza kama tumevamiwa na nyuki.

Mwalimu mmoja mstaafu wa pale klabuni, mtu anayerusha kana kwamba anatia barua sandukuni, aliniambia shida yangu iko kichwani. Nifumbe macho kabla ya kurusha, nivute pumzi, nikione kishale kikiingia. Nilijaribu. Nilifumba macho nikaona kishale, halafu nikaona meno ya mashine yanayotaka kunolewa, halafu nikaona paa linalovuja, halafu nikamwona yule mteja aliyesema atarudi jioni na hajarudi tangu Krismasi. Nilipofumbua macho nilikuwa nimechoka kuliko mwanzo.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikihangaika mwezi wa tano ulipofika, na mama mkwe wangu akaanguka huko kwao Matungu, akitoka kwenye shamba la miwa lililokuwa limekatwa, akavunjika nyonga. Alipotoka wodini alitakiwa kukaa karibu na hospitali ya Iguhu, awe anapelekwa kila wiki kufanyishwa mazoezi ya mguu. Kutoka Matungu ni mbali mno kwa mtu wa nyonga. Kwetu ni karibu. Lakini kwa mila yetu mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe. Hampeani mikono, hamli pamoja, na mkikutana njiani mmoja wenu anaingia kwenye majani mpaka mwenzake apite. Kwa miaka kumi na minne niliyokuwa na binti yake, nilikuwa nimekiona kitambaa chake cha kichwa mara nyingi kuliko uso wake. Neno likiwa la lazima, lilipitia kwa mke wangu. Si chuki, ni heshima, na kwa kweli nilimpenda kwa mbali, kwa sababu nilijua ni nani aliyemlea mwanamke ninayeishi naye.

Mchungaji alisema mambo hayo yamepitwa na wakati. Mama mkwe akajibu, kupitia kwa binti yake, kwamba mchungaji ana mkwe wake na yeye ana wake. Ikaamuliwa basi alale jikoni. Jiko ni la mwanamke, si la mwenye boma, na mlango wake unatazama migombani. Tulitoa mahindi kwenye kachumba, mke wangu akasiriba kuta upya, tukaingiza kitanda. Upande wa kichwa ukakaa kwenye ukuta ule wenye ubao. Hakuna aliyeliwaza hilo.

Mimi nililiwaza jioni ya kwanza, kishale cha kwanza kilipogonga. Ko. Mwanamume mzima anarusha vyuma kwenye ukuta alikolaza kichwa mama mkwe wake mwenye maumivu. Nilikichomoa nikakitia mfukoni. Siku tatu sikucheza. Nilikata ua ambao haukuhitaji kukatwa, nikapanga kuni ambazo zilikuwa zimepangwa. Siku ya nne mke wangu alitoka jikoni akijifuta mikono.

"Mama anauliza kama wewe ni mgonjwa."

"Mgonjwa wa nini?"

"Anasema siku hizi hupigi ile kitu yako."

Nikarudi mstarini. Wiki moja ikapita bila neno, kisha ujumbe wa pili ukaja.

"Mama anasema mbili za kwanza unapiganga vizuri. Ya tatu ndio unakimbizanga."

"Ameniona wapi?"

"Hajakuona. Anasikianga."

Nilikasirika, sitaficha. Mtu ambaye hajawahi kuona ubao wa vishale maishani mwake, amelala kwenye kachumba ka mahindi mguu umenyooshwa, ananifundisha kupitia udongo? Kesho yake nilirusha kwa ubishi, nikisikiliza badala ya kutazama, ili nimpate na kosa. Ko. Ko, ko. Cha tatu kilikuwa kinakanyaga visigino vya cha pili. Nikarudia, ikawa vilevile. Mama mkwe alikuwa amesema kweli tupu. Miaka sita nilikuwa nimetazama ubao, nikatazama mkono wangu na miguu yangu, na sikuwa nimesikiliza hata siku moja.

"Muulize nifanye nini," nikamwambia mke wangu. Maneno hayo yalinitoka kwa shida.

Jibu lilikuja pamoja na chai. "Anasema obusuma unatianga unga maji ikichemka. Wewe unatia ikiwa bado."

Sikuhitaji maelezo zaidi. Hakuna mtu wa huku ambaye hajawahi kula obusuma, huo ugali wetu, wa mpishi mwenye haraka, akatafuna mabonge ya unga mbichi huku akitabasamu kwa adabu.

Kuanzia siku ile nilibadilisha mazoezi. Nikisharusha cha pili, nashusha mkono kabisa. Nasema moyoni, maji bado. Nangoja pumzi itulie, ndipo nainua mkono tena. Nikikimbiza, ndani ya ukuta kinasikika kikohozi kimoja. Si cha ugonjwa, nilijifunza upesi kuvitofautisha. Nikingoja vizuri, kimya. Kimya kile nilikipenda kuliko sifa yoyote niliyowahi kupewa klabuni. Kuna jioni vikohozi vilizidi mpaka mke wangu akataka kumpelekea asali.

Wakati mwingine nilibisha. "Mwambie hicho hakikuwa na haraka, kimegonga waya wa ubao."

Mke wangu akaingia, akatoka. "Anasema hajauliza kimegonga nini."

Sijawahi kukaa na mtu mzima dakika arobaini bila kutafuta sababu ya kuinuka. Kwa huyu nilikaa, ukuta ukiwa katikati yetu, kila jioni kwa miezi mitatu. Miguu iliendelea kuwasha, nisidanganye. Lakini sasa iliwasha na mimi nikiwa nimesimama palepale, na adhabu ya kuzunguka boma niliiacha bila kukusudia.

Mchujo ukafika, siku ya Jumamosi. Hadi saa tisa nafasi saba zilikuwa zimejaa, na ya nane ilibaki kati yangu na kijana mmoja fundi wa simu. Tulishinda mchezo mmojammoja. Katika ule wa kuamua nilibakiwa na thelathini na mbili, yaani dabo ya kumi na sita, naye alibakiwa na arobaini. Kishale changu cha kwanza kilipita nje ya ubao. Cha pili nacho kikapita nje, unywele tu. Nikaanza kuwasha kuanzia kwenye nyayo.

Nikashusha mkono. Mtu nyuma yangu aliguna, mwingine akasogeza kiti. Maji bado. Nilitamani kurusha kama mtu anavyotamani kujikuna, na sikurusha. Nilingoja mpaka pumzi ikarudi mahali pake, nikainua mkono, nikakiachia.

Kilikwenda palepale nilipokituma. Kikagonga waya unaozunguka dabo, kikaruka nyuma, kikaanguka sakafuni karibu na kiatu changu. Kijana akasimama mstarini, akapata dabo yake kwa kishale cha pili.

Nilimpa mkono, nikapanda pikipiki kurudi. Katikati ya njia nilimwambia mwendeshaji anishushe, nikatembea, maana kukaa kulinishinda. Sikuwa na hasira, na hilo ndilo lililonisumbua. Kwa miaka yote nilijua la kufanya na hasira. Sasa nilikuwa na huzuni tupu, na miguu haikujua iipeleke wapi. Nilipita nyumba yetu, nikaenda hadi mtoni, nikarudi.

Mke wangu alikuwa ameketi nje ya jiko akichambua kunde. Alinitazama usoni akajua. Debe la maji lilikuwa pale pale, na nililipita kwa adabu. Niliingia nyumbani nikatoka na nyundo.

"Si lazima iwe leo," akasema.

"Tulipeana mikono."

Ubao ulikuwa umeshikwa na misumari minne. Wa kwanza ulitoka na vumbi la udongo. Wa pili ulikuwa na kutu, ukalia kidogo, ukatoka. Nikaingiza ncha ya nyundo chini ya wa tatu, na hapo kikohozi kikasikika. Nikashusha mkono kwa mazoea. Nikangoja. Kisha nikainua nyundo tena, na sauti ikatoka ukutani, karibu na sikio langu kuliko nilivyowahi kuisikia.

"Mkwe."

Mke wangu aliacha kunde. Niliinamisha kichwa, ingawa hakukuwa na wa kuniona.

"Niko hapa, mama."

"Leo imekataa?"

"Imekataa. Lakini ya tatu sikukimbiza."

"Najua. Hata kutembea umekuja polepole." Nikasikia kitanda kikilia alipojigeuza. "Hiyo kitu usitoe. Mimi kutoka asubuhi naangalianga mabati tu. Jioni ndio wewe unakuja. Sasa ukitoa, mimi nitakuwa nasikianga nini?"

Nilimtazama mke wangu. Alikuwa ameinamia ungo, akichambua kwa bidii majani ambayo tayari alikuwa ameyachambua.

"Mama amesema," akasema bila kuinua kichwa.

Nikaipigilia misumari, ule wa kutu ukakaa upande. Ubao ukawa umeinama kidogo na sikuusahihisha. Nikarudi kwenye kipande changu cha mbao, nikatoa vishale mfukoni, nikarusha cha kwanza, nikarusha cha pili. Cha tatu nilikikawiza sana, kwa sababu kulikuwa na mtu anayekingojea.