Enzi Nilipokuwa Mume wa Cucu

Nina miaka kumi na saba na tayari nina enzi zangu. Mnaotaka kucheka, chekeni. Sisi tuliozaliwa kabla mtoto hajaanza kupewa simu ndiyo anyamaze tunaelewana. Enzi hizo, kwetu Ishiara, nilikuwa na mke.

Mke mwenyewe alikuwa Cucu, nyanya yangu, mamake baba. Kwetu Mbeere kijana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na ukishapewa jina umepewa na kiti. Babu aliitwa Ireri na alikufa kabla sijazaliwa. Mimi ni Ireri. Basi Cucu akawa ananiita muthuri wakwa, yaani mume wangu, na baba yangu mzazi akawa ananiita baba. Hakuna aliyeona ajabu. Siku nikivunja kikombe na baba achukue fimbo, Cucu alikuwa anasimama mlangoni na kusema, "Piga. Mpige baba yako tuone." Baba alikuwa anaweka fimbo chini, kisha anatoka kwenda kuangalia ng'ombe ambao hatukuwa nao.

Nakumbuka uji wa wimbi, ule wenye kuchacha kidogo, kibuyu cha kwanza kikiwa changu kwa sababu mwenye nyumba hunywa kwanza. Nakumbuka harufu ya ndengu zikipigwa kwa fimbo uwanjani, vumbi la kijani likituingia puani mpaka tunapiga chafya na mbuzi pamoja. Tukitoka shule tulicheza brikicho, ile ya kujificha na kutafutana, mpaka jua linazama, na wasichana wakitaka tucheze kalongolongo, ile ya baba na mama, mimi nilikataa. Niliwaambia nina wangu nyumbani. Na nilimaanisha.

Nikifika, ugomvi ulikuwa umeshawekwa mezani.

"Muthuri wakwa, kuni ziko wapi?"

"Sijaleta."

"Basi leo utakula moshi."

"Nitaoa mwingine."

"Oa. Alete na mtungi, mto uko mbali."

Nilikuwa mtoto mwoga. Darasani sikuinua mkono hata kama jibu nalijua. Lakini kwa Cucu nilijibu kama mtu mwenye mashamba. Watoto wa siku hizi wanaitwa majina ya wachezaji wa mpira wa Ulaya, halafu nyanya zao wanashindwa hata kuyatamka. Atakutania vipi na jina lenyewe linamuumiza ulimi?

Sikujua kwamba neno linaweza kuwa na mpaka kama shamba mpaka nilipoingia sekondari, shule ya bweni upande wa Kianjai. Mwalimu wetu wa Kiingereza alituuliza siku moja mkono unaanzia wapi na kuishia wapi. Tukamwonyesha, begani mpaka vidoleni. Akasema Waingereza wameukata vipande viwili, kila kipande na jina lake. Darasa zima tukaangalia mikono yetu kama imevunjika. Akasema kuna lugha ambazo rangi ya majani na rangi ya mbingu ni neno moja, na huko mbali sana kuna watu ambao babu na mjukuu wanaitana kwa neno moja, yeye kwako na wewe kwake. Nilishtuka, lakini ule mshtuko mtamu. Niliwaza, hao wangeketi na Cucu wangeelewana. Mshtuko wenyewe ulikuwa bado uko njiani.

Muhula uliopita Cucu alianguka akifukuza mbuzi wa jirani kwenye kunde zake. Akavunjika mfupa wa nyonga. Walimpeleka hospitali mjini Meru kwa sababu baba mdogo, ndugu yake baba, anaishi huko mtaa wa Majengo, na aliyebaki kukaa naye wadini mchana alikuwa binti yake, Nelly. Nelly ni mtu mzuri. Lakini alilelewa Nairobi, na Kimbeere chake ni cha kuombea chai.

Daktari alikuwa mgeni, mzungu aliyekuja kusaidia kwa muda. Alieleza kwamba mfupa lazima ufungwe kwa chuma, na ukichelewa Cucu hatasimama tena, na mzee asiyesimama hakai sana. Nelly akatafsiri. Cucu akasikiliza vizuri, kisha akasema hapasuliwi mtu mpaka mume wake aje, aambiwe na aseme.

Nelly akalibeba lile neno kama lilivyo akaliweka kwa Kiingereza. Daktari akauliza mume yuko wapi. Nelly akasema ukweli anaoujua: alikufa zamani sana. Daktari akamrudia Cucu, polepole, kama unavyoongea na mtoto: mume wako anakuja lini? Cucu akasema, "Akitoka shule."

Daktari akasema mgonjwa amechanganyikiwa, hawezi kukubali wala kukataa kitu. Upasuaji ukasimamishwa. Wakaanza kupanga kumpeleka kwingine aangaliwe kichwa kwanza. Nelly akampigia baba simu analia, anasema, "Ankol, Shosho ameruka akili. Anangoja mume atoke shule."

Baba anasema alicheka. Kisha akaacha kucheka ghafla, akamwambia, "Nelly, Cucu ni mzima. Mume wake yuko kidato cha tatu."

Mimi niliitwa kutoka darasani. Nje ya ofisi nikamkuta baba na naibu wa mwalimu mkuu, na wavulana wa kidato cha nne wamejaa dirishani wakisikiliza. Baba hakunisalimu. Alisema, "Baba, twende. Mke wako hataki kutengenezwa bila wewe."

Dirisha lile lilipasuka kwa kicheko. Nilitaka ardhi inimeze na sare yangu. Lakini naibu, ambaye ni Mmeru na majina kwao hurithiwa vile vile, hakucheka. Alivua kofia akaniambia, "Enda, mzee. Mwambie mama tunamwombea."

Njiani baba alinieleza yote, na huo ndio ulikuwa mshtuko wenyewe. Neno lile lile lililonilea, lililonipa kibuyu cha kwanza, limevuka tu kwenda lugha nyingine na limemgeuza Cucu wangu kuwa kichaa. Hakuna aliyesema uongo. Nelly hakukosea hata herufi. Na bado Cucu alikuwa karibu kufa kwa ajili yake.

Wadini kulikuwa na wanawake pande zote na wote waliinua vichwa. Cucu alikuwa amekuwa mdogo. Sikujua mtu anaweza kupungua hivyo kwa siku chache. Daktari aliangalia sweta yangu ya shule, akamwuliza Nelly kitu kwa sauti ya chini, na Nelly akajifunika mdomo. Baba akaanza kueleza, jina, babu, kiti, Kiingereza kikimwishia kila hatua mbili.

Cucu hakumngoja amalize.

"Muthuri wakwa, hawa wanataka kuniweka chuma. Unasemaje?"

Niliangalia viatu vyangu. Nikasema, "Kubali."

"Sijasikia. Unaongea na ukuta?"

Nilimwona yule daktari ameinama kidogo, hanicheki, anangoja kama wengine. Nikainua uso.

"Nimesema kubali. Watatengeneza mguu, na mimi nitakaa hapo nje."

"Na nisipoamka?"

Hilo halikuwa la mzaha. Macho yake yalikuwa ya mtu mwoga, na mwoga namjua. Nikamshika mkono, wote, kutoka begani.

"Utaamka. Nimeshasema."

Cucu akafumba macho, akamgeukia Nelly. "Mwambie huyo daktari mwenye nyumba amekubali. Na wewe umpe mume wangu chai, ametoka mbali."

Nelly alitafsiri. Safari hii alitafsiri huku analia na kucheka, na sijui alitumia neno gani, lakini daktari alinipa mkono.

Cucu yuko nyumbani sasa, anatembea kwa fimbo, na mbuzi wa jirani wamemjua upya. Nelly huja likizo kukaa naye ili ajifunze Kimbeere, na Cucu anamsumbua kweli kweli. Mimi nikifika getini namsikia ananiita, vile vile, kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni. Zamani ningejibu nikiwa bado barabarani, mdomo umejaa maembe, bila kufikiria nani anasikia. Sasa naangalia kwanza kulia na kushoto. Kisha najibu. Hiyo pumzi moja katikati haikuwepo enzi zile, na Cucu, ambaye masikio yake hayajaanguka, anaisikia.